Tulibadilisha moteri, hatukubadilisha sababu

Hii ni hotuba ya fundi mwanachama wetu, aliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa Uvira. Komite iliomba ichapwe nzima, pamoja na maswali matatu ya mwisho, ili wanachama ambao hawakufika na wafadhili walio mbali wajisomee wenyewe. Tumerekebisha mahali pachache tu. Maneno ya garaji tumeyaacha jinsi yanavyosemwa.



Mimi si mutu wa kuongea mbele ya watu. Kazi yangu ni kulala chini ya motokari. Lakini komite imesema kila mwanachama aliyechukua mkopo mkubwa asimame aeleze pesa ilifanya nini. Mimi nilichukua dola 800 kwenye kesi ya kijani, na hadi leo ninadaiwa dola 310. Najua mmeyasikia maneno huko sokoni. Wengine wanasema fundi alikula pesa. Wengine wanasema fundi aliharibu motokari ya mutu. La kwanza si kweli. La pili ni kweli kwa sehemu, na njo sababu nimekubali kusimama hapa.

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. MUSO yetu ina kesi mbili. Kesi ya kijani ni ya mikopo ya kazi. Kesi nyekundu ni ya misiba na magonjwa. Ndugu zetu wa Tanzania wakisikia neno kesi wanafikiri mahakama. Kwetu kesi ni sanduku la pesa, ingawa leo mimi naona kama niko mahakamani kweli.

Wengi wenu mnanijua tangu kambi ya Lugufu. Niliingia pale mtoto. Ufundi niliufundishwa kwenye garaji ya malori ya misaada: kwanza kuosha vyombo, kisha kushika funguo, kisha kufungua moteri. Mwaka wa 2008 nikapanda meli Kigoma, nikashuka Baraka na shitingi, majembe, na mfuko wa funguo kumi na moja. Ndiyo maana mdomo wangu unachanganya. Pale walisema injini, hapa tunasema moteri. Pale rejeta, hapa radiateri. Pale gia boksi, hapa bwati. Chuma ni kile kile.

Garaji yetu mmeifungua nyinyi. Palani ya mnyororo ya kunyanyulia moteri ilitoka kwa wafadhili. Kabla ya palani tulikuwa tunafunga kamba kwenye mwembe, vijana sita wanavuta, na siku moja kidole cha kijana kilibanwa kati ya moteri na fremu. Tangu palani ifike hakuna aliyeumia. Hilo naomba liandikwe, maana ni faida isiyoonekana kwenye hesabu.

Sasa nije kwenye ile motokari.

Mwaka wa 2018 alikuja kijana mmoja wa hapa anayefanya kazi Bujumbura. Alikuwa na Toyota Celica ya mwaka 2001, nyekundu, milango miwili, imelala chini kama mjusi. Watoto wa kota nzima walikuja kuiangalia. Celica ni motokari ya spoti. Toyota waliitengeneza tangu mwaka 1970 hadi 2006, na hiyo ilikuwa ya kizazi cha saba, kile cha mwisho. Haikuja ikitembea. Ililetwa kwa kamba nyuma ya lori.

Nikamuuliza: «Ilikuwaje?» Akasema: «Fundi, nilikuwa natoka Bujumbura. Mushale wa joto ukapanda mupaka kwenye nyekundu. Nikaogopa. Lakini mbele kidogo ukashuka wenyewe, nikajua imepoa, nikaendelea.»

Wazazi wangu, sikilizeni hapo, maana hata mwenye Probox au Noah jambo hili litamfikia. Ule mshale unaongozwa na kifaa kidogo kilichochovya ndani ya maji ya moteri. Kinapima joto la maji. Maji yakiisha, kile kifaa kinabaki hewani, hakigusi tena maji ya moto, na mshale unaweza kushuka wakati moteri inaungua. Kwa hiyo mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla bila wewe kufanya kitu, usimshukuru Mungu. Simama, zima. Wala usifungue kifuniko cha radiateri papo hapo, kitakuunguza uso.

Tulifungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ndani yake tukakuta kitu kama chai ya maziwa: maji yamechanganyika na mafuta. Tukapima kompresio, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa nzima. Ya pili na ya tatu, zilizo jirani, zote zilikuwa chini sana. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja, mara nyingi jwenti ya kulasi imepasuka katikati yake. Jwenti ya kulasi ni ile Watanzania wanaita gasketi ya silinda hedi.

Kama ingekuwa jwenti peke yake, tungebadilisha jwenti. Lakini alikuwa ameendesha kilomita nyingi na yale mafuta yenye maji. Mafuta ya namna hiyo hayashiki tena chuma. Tulipofungua chini, kusineti za biyeli zilikuwa zimekwaruzika, na ndani ya silinda mbili kulikuwa na mikwaruzo ambayo ukucha unashika. Hata nyuzi za visi mbili za kulasi zilitoka pamoja na alumini yake. Nikamwambia mwenye motokari ukweli: hii ni maiti, inahitaji moteri nyingine.

Hapo njo vijana wangu walishangaa. Walifikiri moteri ya motokari ya spoti inapatikana Ulaya tu, kwa dola elfu nyingi. Nikawaonyesha namba iliyochongwa kwenye bloku: 1ZZ. Moteri hiyo ya sentimita za ujazo 1,794, silinda nne, valvu 16, Toyota waliiweka pia kwenye Allion, Premio, Wish na Fielder za 1.8. Yaani ile motokari nyekundu ya kujivunia ilikuwa na moyo mmoja na taksi. Kuna Celica nyingine yenye moteri ya 2ZZ, ya nguvu za farasi 190, hiyo ni ngumu kupata. Hii yetu ilikuwa ya ndugu mdogo. Kazi ikawezekana.

Tulipatana dola 1,500 kazi nzima. Alitoa 500 mbele. Mimi nikaja kwenu, mkanipa 800.

Moteri niliitafuta Dar es Salaam. Rafiki yangu wa kambini anafanya biashara ndogo Kariakoo, nikamtuma Gerezani kwenye maduka ya spea. Kwa simu nilimpa mambo matano ya kuangalia. Moja: asome namba kwenye bloku mwenyewe, asiambiwe. Mbili: aizungushe kwa mkono na ufunguo, izunguke mizunguko miwili mizima bila kugonga. Tatu: afungue kifuniko cha mafuta, akikuta tope jeusi zito aiache, akikuta chai ya maziwa akimbie. Nne: atoe bujii zote nne, ambazo kule ni plagi, aangalie kama rangi zake zinafanana. Tano: atazame pande zote kama kuna kutu ya maji kwenye jwenti. Alizunguka siku mbili, akapata moja iliyotoka kwenye Allion. Dola 700.

Ikapanda treni ya reli ya kati hadi Kigoma, kisha mashua hadi bandari ya Kalundu. Usafiri, wapagazi na forodha vilikula dola 260. Mafuta, filta, maji ya radiateri, jwenti na vitu vidogo vidogo, dola 190. Jumla 1,150. Risiti zote ziko kwa mama mtunza kesi. Zile 150 zilizobaki zilikuwa chakula na usafiri wa vijana wanne kwa majuma matano.

Kutoa moteri kuukuu si kazi ya nguvu, ni kazi ya kukumbuka. Kila waya uliotoka tuliufunga kipande cha karatasi na namba. Kila visi tuliiweka kwenye kopo lake. Tulitoa kapo, batri, radiateri, shafti za magurudumu, bomba la moshi, kisha palani ikanyanyua moteri na bwati pamoja, kutokea juu. Moteri peke yake inapita kilo 100. Kijana mmoja anavuta mnyororo, mmoja anaongoza, wawili wanaangalia bomba na waya zisinase. Hakuna kuongea maneno mengine.

Ile ya Allion ilikuwa imefungwa bwati ya otomatiki, na Celica yetu ni ya gia za mkono. Kwa hiyo tulitoa sahani ya otomatiki nyuma ya moteri, tukafunga gurudumu zito la moteri ya zamani pamoja na ambreyaji. Vilevile tulihamisha menifoldi ya kuingiza hewa, sensa, na waya zote za Celica, ili kompyuta ya motokari ikute vitu inavyovijua. Hilo njo kosa linalowaponza wengi: wanafunga moteri na waya zake za kigeni, halafu taa ya moteri inawaka hadi mwisho wa dunia. Sisi siku ya kuwasha, iliwaka mara ya pili, taa ikazimika. Vijana walicheza. Mama mwenye mgahawa jirani alileta chai ya bure.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana sehemu ninayokuja kusema hakuna aliyeiona isipokuwa mimi na mwanafunzi mmoja.

Kati ya vijana wanne, mmoja ni msichana. Alizaliwa kambini Nyarugusu, alirudi na nyanya yake. Siku mbili kabla ya kumaliza, nilimpa kazi ya kuosha radiateri. Alimimina maji juu, akangojea chini. Akarudi kwangu akasema: «Fundi, maji inatoka polepole. Hii radiateri iko mbaya.»

Nilikuwa na mwenye motokari kwenye simu mara tatu kwa siku. Nilikuwa nimechoka. Nilimjibu: «Weka tu. Mutu anangojea motokari yake. Wewe umeanza jana, unataka kunifundisha?»

Akanyamaza. Akaifunga.

Tulitoa pia kaloristati, ile thermostati, tukaitupa, kama mafundi wengi hapa wanavyofanya. Tunajidanganya kwamba bila hiyo moteri inapoa zaidi. Ukweli ni kwamba kaloristati inafungwa moteri ikiwa baridi ili ipate joto haraka, na inafunguka kabla maji hayajachemka. Ukiitoa, moteri inafanya kazi baridi siku zote, inakunywa petroli, na ugonjwa wa radiateri unajificha hadi siku ya mzigo.

Mwenyewe alikuja, akafurahi, akatoa dola 600, akasema 400 zilizobaki mwisho wa mwezi. Zile 600, nilirudisha 400 kwenye kesi ya kijani siku ile ile. Vijana niliwapa 120, kodi ya garaji 80. Mimi nilingojea zile 400.

Siku ya kumi na moja, saa tisa mchana, simu ikalia. «Fundi, inachemka tena.»

Safari hii alisimama mara moja, kwa kuwa nilimfundisha ile habari ya mshale. Hilo liliokoa moteri. Lakini jwenti ilikuwa imeshaungua, na kulasi imepinda. Alumini ikipata joto kupita kiasi inapinda. Kupinda kwenyewe ni kidogo, kama unene wa unywele wa kichwa, lakini kunatosha maji kupita.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilichukua radiateri, nikaikata kwa msumeno mbele ya vijana wote. Mirija mingi ndani ilikuwa imejaa kutu na ule unga wa kuzibia matundu. Inaonekana zamani radiateri ilivuja, mutu akamimina unga wa kuziba, kisha miaka kadhaa wakaongeza maji ya bomba na ya ziwa badala ya maji ya radiateri. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi. Nyinyi wamama mnaijua kwenye sufuria zenu, ule ukoko mweupe unaobaki. Ndani ya radiateri pia unabaki. Njo hiyo iliyoua moteri ya kwanza. Njo hiyo ilitaka kuua ya pili. Mimi nilinunua moteri Dar es Salaam, nikaivusha nchi nzima na ziwa, nikaifunga kwenye ugonjwa ule ule. Nilibadilisha moteri, sikubadilisha sababu.

Na mtoto wa watu aliniambia.

Nilimwita mbele ya wenzake. Nikasema: «Ulisema kweli, nikakunyamazisha. Unisamehe.» Kwetu si kawaida fundi mkubwa kumwomba mwanafunzi msamaha, tena msichana. Aliangalia chini. Halafu akauliza: «Tunaanza na nini?» Basi, tukaanza.

Radiateri mpya dola 140. Kulasi tuliivusha Bujumbura ikanyooshwa kwenye mashine, pamoja na usafiri dola 60. Jwenti na visi mpya 95. Mafuta na maji ya radiateri 45. Jumla 340. Sikuja kwenu kuomba. Niliuza mashine yangu ya kuchomelea vyuma kwa 200. Zile 140 alizitoa mke wangu kwenye mtaji wake wa ndagala. Majuma matatu hakwenda ziwani kununua, kwa sababu ya radiateri ya motokari ya mutu mwingine. Yuko amekaa pale nyuma. Mama, mbele ya mkutano huu, aksanti.

Tulifunga na kaloristati mpya. Kabla ya kuifunga tuliitia kwenye sufuria ya maji jikoni, tukaona inafunguka yenyewe maji yalipokaribia kuchemka. Tulibadilisha na kifuniko cha radiateri. Kile si kifuniko tu. Kinabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki kwa digri 100, yanasogea hadi karibu 120. Kifuniko kilicholegea kinaweza kuchemsha moteri nzima. Kisha tukajaza maji polepole, pua ya motokari imenyanyuliwa, hita imefunguliwa, tukangojea mapovu ya hewa yaishe. Saa nzima. Yule msichana njo alikaa pale na jagi, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Mwenye motokari alikuja kuichukua. Hakunipa mkono. Ilikuwa haki yake. Miezi mitatu hakupiga simu. Halafu siku moja alifika, akaniwekea dola 200 mezani. Akasema: «Hizi zingine 200, ni za zile siku nilitembea na miguu.» Nikakubali. Mwezi uliofuata dada yake alituletea Probox yake. Nyinyi mnajua maana yake.

Katika zile 200, nilirudisha 140 kwenye mtaji wa mke wangu, na 60 kwenye kesi. Kwa kazi ndogo ndogo nimelipa 70 nyingine. Deni langu lilikuwa 400 na faida 40, nimelipa 130, inabaki 310. Hesabu njo hiyo.

Niliambiwa na ndugu mmoja, kwa nia njema, kwamba mbele ya wafadhili niseme tu motokari ilitengenezwa na inatembea. Ni kweli inatembea. Lakini nilifikiri hivi: ule unga wa kuziba matundu ulikuwa pia ni nia njema. Mutu aliona radiateri inavuja, akaziba, maji yakaacha kudondoka, akafurahi. Kumbe alikuwa anaziba njia ya maji yenyewe. Sisi tuliorudi tumeona mara ngapi shida inafunikwa ili ripoti iwe nzuri? Sitaki garaji yetu iwe hivyo.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza, kila mkopo wa kutengeneza kitu kikubwa, iwe moteri, mashua au kinu, uwe na karatasi moja inayosema kitu kilikufa kwa sababu gani. Kama fundi hawezi kuandika sababu, asipewe pesa ya kununua kingine.

La pili, karatasi hiyo isainiwe pia na mwanafunzi mmoja aliyeshika kazi, na akiwa na wasiwasi auandike hapo hapo.

La tatu, kwa wafadhili: msitutumie palani ya pili. Moja inatosha. Tukipata kipima kompresio kizuri, maana kile ni cha kuazima, na pampu ya kupima mgandamizo wa radiateri, tutajua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

La nne ni langu. Naomba munipe hadi mwisho wa mwezi wa kumi na mbili kumaliza zile 310. Siombi nisamehewe. Deni la kesi ya kijani ni jasho la wamama wa sokoni, halisamehewi.



Maswali

Mama mmoja wa soko: «Fundi, sisi tunatia franka zetu kila juma. Kwa nini pesa ya wauza ndagala inunue moteri ya motokari ya mutajiri?»

Mama, umeuliza vizuri. Pesa haikununua moteri ya tajiri. Ilinunua kazi ya vijana wanne kwa majuma matano, na tajiri alipaswa kuirudisha na faida. Lakini wewe una haki kwa jambo moja: nilipaswa kudai atoe bei yote ya moteri mbele, siyo 500. Mutu mwenye motokari ya namna ile anaweza kutoa 700. Niliona haya kumuomba, kwa sababu alikuwa amevaa vizuri. Tangu siku ile, spea inalipwa na mwenye motokari kabla hatujafungua visi moja. Kesi itasaidia vyombo na mafunzo tu.

Kijana mmoja: «Kwa nini hamukuweka ile ya nguvu 190, kwa kuwa moteri ilikuwa imeshatoka?»

Wote vijana wananiuliza hiyo. Ile 2ZZ inahitaji kompyuta yake, waya zake, na gia zake sita kama unataka faida yake kweli. Tena kuta za silinda zake zimetengenezwa na alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu; huwezi kuichonga silinda kwa mashine ya kawaida kama ikikwaruzika. Nguvu yake inatoka moteri ikizunguka kwa kasi kubwa, zaidi ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Niambie, kutoka Kalundu hadi Kavimvira utazungusha moteri 6,000 wapi, na mbuzi na motari barabarani? Mteja wetu alihitaji kufika kazini. Moteri inayofika kazini njo moteri nzuri.

Mzee mmoja: «Mimi nina kamotokari kangu kakuukuu. Nitajuaje mbele ya kuharibika?»

Papa, kila asubuhi, moteri ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiateri, angalia maji yamejaa. Yakipungua kila siku na chini hakuna tone, yanaingia ndani ya moteri, njoo haraka. Vuta kijiti cha mafuta, kipanguse, kirudishe, kitazame: mafuta yafike kwenye alama, na yasiwe na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya safari, moteri ikiwa imezimwa na feni haizunguki, pitisha mkono karibu na uso wa radiateri bila kuigusa. Pakiwa na sehemu ya moto na sehemu ya baridi, mirija imeziba. Na kama huna hakika, pita garajini asubuhi, uliza yule msichana. Anaipima bure, na akisema radiateri ni mbaya, mimi sibishi tena.

Neno la komite: Mkutano ulikubali karatasi ya sababu, pamoja na saini ya mwanafunzi, kuanzia mikopo ijayo. Fundi amepewa muda hadi mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ombi la vipimo limeandikwa kwenye orodha ya mahitaji ya mwaka, chini ya mabati ya ghala na juu ya palani.